Kutega Ndoana Chini ya Barafu: Istilahi za Uvuvi wa Nchi za Baridi

Makala hii inahusu kazi ambayo haijapata kufanyika Rungwe Mpya wala haitafanyika: kuvua samaki ziwani huku mvuvi amesimama juu ya maji hayo hayo yaliyoganda. Katika nyanda za juu za Kasulu na Kibondo asubuhi za mwezi wa Julai zina baridi ya kumfanya mtu ajifunike vizuri, lakini si baridi ya kugandisha mto Malagarasi. Ziwa Tanganyika nalo, ambalo kina chake hufikia mita 1,470, halina baridi hata huko chini kabisa. Maji ya kilindini yana joto la nyuzi 23 hivi za sentigredi. Kwa hiyo msomaji ana haki ya kuuliza: istilahi za namna hii ni kwa faida ya nani?

Jibu la kwanza linapatikana Kasulu kwenyewe. Mwaka 1996 ilifunguliwa wilayani humo kambi ya Nyarugusu kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Kongo, na kambi nyingine, hasa za Warundi, zimepata kuwako Kasulu na Kibondo kwa nyakati mbalimbali. Kuanzia mwaka 2007 Warundi waliokuwa wameikimbia nchi yao tangu 1972 walihamishiwa Marekani kwa maelfu, na baadaye wakafuatwa na Wakongo wengi wa Nyarugusu. Watu hawa walikwenda na Kiswahili chao. Baadhi yao sasa wanaishi mahali ambapo ziwa la jirani huganda kwa miezi mitatu au minne kila mwaka, na wenyeji wao hulitembelea kwa miguu, wakatoboa na kutega. Mtafsiri anayeombwa kugeuza kwa Kiswahili tangazo la usalama wa barafu, au kanuni za leseni ya uvuvi, hawaandikii wasomaji wa kubuni. Anamwandikia mtu aliyevua kambare Malagarasi, ambaye Jumamosi ijayo atakanyaga barafu kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Jibu la pili ni la mwalimu. Mwanafunzi wa Rungwe Mpya anayefundishwa jiografia ya nchi za kaskazini anastahili kuelezwa maisha ya huko kwa maneno yenye picha ndani yake. Akipewa orodha ya maneno ya Kiingereza yaliyovikwa irabu mwishoni, ataikariri kwa ajili ya mtihani na kuisahau baada ya mtihani.

Rai yetu ni hii: mtafsiri asianze na neno la kigeni, bali aanze na kazi ya kifaa. Ajiulize kifaa hiki kinafanya nini, halafu atafute ni nani hapa kwetu afanyaye kazi hiyo, naye hukiitaje. Uvuvi wa juu ya barafu unafaa sana kuonyeshea jambo hili, kwa sababu kwa mtazamo wa kwanza unaonekana mgeni kabisa, na kumbe karibu kila kitu chake kina ndugu yake katika Kiswahili.

BARAFU NA TUNDU

Tuanze na jina la kazi yenyewe. Wepesi wa kutafsiri husema "uvuvi wa barafu". Neno hilo halifai. Kwa mvuvi wa Kibirizi, mjini Kigoma, barafu ni kitu cha kuhifadhia samaki wasioze kabla hawajafika sokoni. Ukimwambia habari za uvuvi wa barafu, ataelewa kuwa ni uvuvi wa kuchukua barafu chomboni, na hatakuwa amekosea. Tunapendekeza "uvuvi wa juu ya barafu". Ni jina refu kidogo, lakini linamweka mvuvi mahali pake.

Neno "barafu" lenyewe linahitaji uangalifu. Asili yake ni Kiajemi, na huko lilikuwa na maana ya theluji. "Theluji" tumeipata kwa Waarabu. Katika mazungumzo ya kila siku maneno haya mawili hushirikiana bila ugomvi. Mtu husema barafu ya Kilimanjaro, na mwingine theluji ya Kilimanjaro, na wote wakaeleweka. Katika kazi hii hapana budi yatengane. Theluji ni ile inayoanguka kutoka angani ikiwa nyepesi kama pamba na kulala juu ya ardhi. Barafu ni maji yaliyoganda yakawa magumu. Mtengano huu si ubishi wa wanaisimu. Theluji nyingi ikilala juu ya barafu huifunika kama blanketi, huizuia isiendelee kuwa nene, na huficha macho yasione palipo pembamba. Tangazo linalosema "jihadhari na barafu iliyo chini ya theluji" halina maana kwa msomaji ambaye maneno hayo mawili kwake ni kitu kimoja.

Tena barafu yenyewe si ya namna moja. Ile iliyoganda moja kwa moja kutokana na maji ya ziwa huwa ngumu na angavu, na mtu huweza kuona maji meusi chini yake. Ile iliyotokana na theluji kulowa na kuganda huwa nyeupe, na nguvu zake ni kama nusu ya zile za barafu angavu. Kanuni inayotumiwa na idara za huko ni kwamba mtu mmoja anayetembea kwa miguu asikanyage barafu angavu yenye unene wa chini ya sentimita 10. Ikiwa ni nyeupe, unene huo uzidishwe mara mbili. Hata hivyo hakuna unene unaothibitisha usalama kabisa, kwa kuwa barafu haina unene mmoja ziwa zima. Mahali mto unapoingia ziwani, chini ya madaraja, na penye chemchemi, huwa nyembamba wakati kwingineko ni imara. Kwa hiyo tunashauri "barafu angavu" na "barafu nyeupe" ziwe istilahi mbili kamili, zisiachiwe mtafsiri azipambe apendavyo. Na neno la kipimo liwe "unene". Tumepata kuona "kina cha barafu", na hapo msomaji hawezi kujua kama anaelezwa habari za barafu au za maji yaliyo chini yake. Kina ni cha maji.

Mwalimu ataulizwa na wanafunzi: samaki wanaishije ikiwa ziwa limeganda? Jibu lake ni tabia ya maji. Maji huwa mazito kuliko wakati wowote yanapofikia joto la nyuzi 4. Yakizidi kupoa kuanzia hapo huwa mepesi na kubaki juu, na barafu nayo, ikiwa nyepesi zaidi, huelea. Ndiyo maana ziwa huganda kuanzia juu. Chini ya kifuniko hicho maji hubaki maji, na samaki wanaendelea kuwinda.

Sasa mvuvi anataka kuyafikia maji hayo. Je, anachimba shimo au anatoboa tundu? Kwa Kiingereza neno ni moja, na kwa hiyo mtafsiri huandika lolote limjialo. Kiswahili kinatofautisha. Shimo huchimbwa na lina mwisho wake chini, kama shimo la choo au la kupandia mgomba. Tundu hutobolewa na hutokea upande wa pili, kama tundu la sindano. Juu ya barafu mvuvi anatoboa tundu. Wapo watakaosema kuwa tunatafuta makosa madogo, lakini mtu akiambiwa achimbe shimo anaweza kudhani kuwa kazi imekwisha kabla hajayafikia maji.

Vifaa vya kutobolea ni viwili. Cha kwanza ni chuma kirefu chenye ncha bapa ambacho mvuvi hukipiga mbele yake anapotembea, ili apime ugumu wa barafu kabla hajaikanyaga, na huweza pia kukitumia kutobolea. Huu ni mtaimbo, wala hauhitaji jina jingine. Fundi wetu yeyote anayevunja mwamba anaujua. Cha pili ni chuma kilichojisokota kama parafujo, chenye visu mwishoni na mpini wa kuzungusha kwa mikono. Siku hizi vingine huzungushwa na mota. Seremala anacho kidogo cha namna hiyo na hukiita keekee. Tunapendekeza "keekee ya barafu". Tundu la kuvulia samaki mkubwa huwa na kipenyo cha sentimita 20 hadi 25, kwa sababu samaki huyo hana budi kupita humo akiwa anapigana. Chembe za barafu zinazobaki tunduni huondolewa kwa upawa wenye matundu. Tumeona tafsiri inayokiita kifaa hiki "chekecheo la barafu". Tunaona heri upawa.

Tundu likiwa tayari, mvuvi hupima kina. Kwa kazi hii mabaharia wa pwani wana neno zuri ambalo limeanza kusahauliwa: bildi, yaani risasi inayofungwa kwenye kamba na kuteremshwa hadi chini. Mvuvi wa juu ya barafu hufanya vivyo hivyo kwa kipande cha risasi kinachobanwa kwenye ndoana. Neno hilo lirudi kazini.

MTEGO WENYEWE

Tumefika kwenye kifaa kilicho kiini cha uvuvi huu, nacho ndicho kinachowasumbua watafsiri zaidi. Tukieleze kwanza, kisha tukipe jina.

Juu ya tundu huwekwa mbao mbili zilizopishana, au kipande kimoja cha ubao au plastiki, ili kifaa kisitumbukie. Katikati hupita ufito ambao ncha yake ya chini imezama majini. Kwenye ncha hiyo kuna kigurudumu kilichozungushiwa mshipi. Kigurudumu hukaa majini makusudi: hewa ya juu inaweza kuwa na baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, na kama kingekuwa juu, mshipi uliolowa ungeganda na kisingezunguka tena. Ndani ya ufito kuna kijiti kinachotoka kwenye kigurudumu hadi juu. Huko juu, utepe wa chuma chembamba wenye kitambaa chekundu au cha rangi ya machungwa hukunjwa kama upinde na kunaswa chini ya kijiti hicho. Samaki akichukua chambo na kuondoka nacho, mshipi huvutika, kigurudumu huzunguka, kijiti hugeuka, utepe huachiliwa, na kitambaa husimama wima. Mvuvi aliye mbali huiona bendera na kuja.

Jina la Kiingereza la kifaa hiki linatokana na kule kuinuka kwake kwa ghafla. Mtafsiri akilifuata neno kwa neno atapata "kiinuka" au "kipinduka-juu", maneno ambayo hayamwambii mtu chochote. Lakini tukiuliza kifaa hiki kinafanya nini, jibu liko wazi: ni mtego. Kina chambo, kina kitu kilichokunjwa kwa nguvu, kina kizuizi chepesi, na mnyama mwenyewe ndiye anayekifyatua. Mtoto wa Rungwe Mpya aliyewahi kutega panya ghalani anaujua mtambo huo wote. Kwa hiyo tunapendekeza "mtego wa bendera". Kile kijiti kiitwe "kifyatuo", na chombo cha kukunjia mshipi "kigurudumu cha mshipi". Isitumiwe "roda", maana roda ni gurudumu la kupitishia kamba wakati wa kuinua mizigo au tanga, wala haihifadhi kamba.

Faida kubwa ya kukiita kifaa hiki mtego haimo katika nomino, bali katika vitenzi vinavyokuja nyuma yake bila kuitwa. Mtego hutegwa, hufyatuka, hunasa au haukunasa, jioni huteguliwa. Mtafsiri akishika vitenzi hivi vinne ataandika maelezo yote ya kazi hii bila kuazima neno. Hebu msomaji apime sentensi ifuatayo: "Tega mtego mapema asubuhi, ukifyatuka, usikimbie, maana vishindo vya miguu hupita kwenye barafu, ukikuta haukunasa, weka chambo kipya na uutege tena." Hakuna neno hata moja humo lililobuniwa.

Yaliyobaki katika mshipi ni mali yetu tangu zamani. Ndoana (wengine huandika ndoano, lakini tunashauri watafsiri wa maandishi rasmi washike umbo moja), chambo, na chubwi, yaani kile kipande cha risasi kinachouzamisha mshipi, havina haja ya maelezo. Samaki anayekusudiwa hapa ana meno mengi makali, kwa hiyo kati ya mshipi na ndoana huungwa kipande cha waya chenye urefu wa sentimita 30 hivi ili asiukate. Wavuvi wetu wanaokutana na kibebe katika Ziwa Tanganyika wanajua hasara ya mshipi usio na waya. Kiitwe "kiungio cha waya". Kuna pia ndoana ambayo shina lake ni moja na ncha zake ni tatu. Tunapendekeza "ndoana ya makucha matatu", tukikiri kwamba jina hilo ni refu kuliko kitu chenyewe.

Chambo huwa ni samaki mdogo. Akiwa hai, ndoana hupitishwa katika ngozi ya mgongo karibu na pezi ili aendelee kuogelea. Akiwa amekufa, hufungwa alale kama anayeogelea. Hapa pia istilahi ina uzito wa sheria, kwa sababu nchi nyingine, Norway ikiwa mojawapo, zimekataza kutumia samaki hai kama chambo. Kwa hiyo "chambo hai" na "chambo mfu" yawe maneno mawili ya kudumu. Chambo huning'inizwa juu kidogo ya majani ya majini, kwa kuwa samaki huyu hujificha kati ya majani na kushambulia kitu kilicho juu yake au mbele yake. Kikizama ndani ya majani hakionekani. Hiyo ndiyo faida ya kupima kina.

Baada ya bendera kusimama mvuvi hupiga magoti, hukitazama kijiti kama bado kinazunguka, huondoa mtego kwa upole na kuushika mshipi mkononi. Samaki huyu hukamata mawindo yake kwa ubavu, huenda nayo mbali kidogo, kisha huyageuza na kuyameza kuanzia kichwani. Wavuvi wa zamani walimngojea hadi ageuze. Siku hizi wengi hawangoji, kwa sababu ndoana iliyomezwa humwua samaki ambaye pengine sheria inataka arudishwe majini. Mvuvi huvuta kwa ghafla mara moja ili ndoana ishike, kisha huuvuta mshipi kwa mikono yote miwili, akiuachia kila samaki anapokimbia. Hatari kubwa ni kwenye tundu lenyewe, mahali ambapo mshipi husuguana na ukingo mkali wa barafu. Mwenye kulabu huitumia hapo.

JINA LA SAMAKI

Samaki tunayemzungumzia anaitwa kwa lugha ya kitaalamu *Esox lucius*. Anaishi katika maji baridi yasiyo ya chumvi ya Ulaya, Asia ya kaskazini na Amerika ya Kaskazini. Ana mwili mrefu, mdomo bapa kama wa bata, na pezi la mgongoni lililorudi nyuma karibu na mkia. Huweza kupita urefu wa mita moja. Hayumo katika maji yetu, na kwa hiyo Kiswahili hakina jina lake.

Zipo njia tatu. Ya kwanza ni kumpa jina la samaki wetu anayefanana naye na kuongeza "wa kaskazini". Wengine watapenda "kibebe wa kaskazini", kwa sababu ya meno na ukali. Tunaipinga njia hii. Kibebe ni wa ukoo mwingine kabisa, na jina la namna hiyo litamdanganya mwanafunzi wa elimu ya viumbe kuwa wawili hawa ni ndugu. Ajabu ni kwamba wataalamu wa Ulaya wenyewe waliwahi kufanya jambo la namna hii kwa upande wa pili. Mwaka 1914 Boulenger, alipokuwa akiwapa majina samaki wa Ziwa Tanganyika, alitumia jina la jenasi *Luciolates*, na mgebuka wetu akaja kuwekwa humo. Sehemu ya kwanza ya jina hilo ni ile *lucius* ya Kilatini, yaani samaki huyu huyu wa nchi za baridi, kwa sababu ya wembamba wa mwili. Siku hizi mgebuka amerudishwa katika jenasi ya *Lates* pamoja na sangara. Kwa hiyo kwa miaka mingi samaki anayeliwa Kigoma, Kasulu na Kibondo alibeba katika vitabu jina la samaki ambaye mlaji wake hajapata kumwona. Kosa hilo hatuna haja ya kulirudisha kwao.

Njia ya pili ni kutafsiri maana. Waingereza walimwita samaki huyu kwa jina la silaha ndefu ya askari wa miguu, na Wafaransa kwa neno linalotokana na kijiti cha kuchomea nyama. Tungeweza basi kumwita "mkuki", kama vile watu wasemavyo samaki upanga. Jina ni zuri kwa sikio. Lakini mkuki ni kifaa cha kuvulia, na katika jimbo la Minnesota, nchini Marekani, samaki huyu huvuliwa pia kwa kuchomwa kwa mkuki kupitia tundu kubwa ndani ya kibanda chenye giza. Mtafsiri wa kanuni za huko angelazimika kuandika "kuvua mkuki kwa mkuki", na hapo tungechekwa.

Imebaki njia ya tatu, ya kutohoa: "paiki", katika ngeli ya majina kama dagaa na kambare, isiyobadilika kwa wingi. Tunaipendekeza hii. Msomaji asione kuwa tunajipinga. Tulisema tuanze na kazi ya kifaa, na vifaa vina kazi ambazo watu wote wanazo. Kiumbe ambacho hakimo katika nchi hakina kazi wala sura katika lugha ya nchi hiyo, na hapo kuazima jina si uvivu.

KUTEGA NA KUVUA KWA MKONO

Tumeacha kwa makusudi jambo ambalo kwa mtumishi wa serikali na mtafsiri wa sheria ni kubwa kuliko yote. Uvuvi wa juu ya barafu una njia mbili zisizolingana. Katika ya kwanza mvuvi huketi kandoni mwa tundu, ameshika kijifimbo kifupi, akichezesha ndoana juu na chini kwa mkono wake. Katika ya pili hutega mitego kadhaa na kukaa mbali akingoja bendera. Maandishi mengi ya Kiingereza yanaziita zote kwa jina moja.

Sheria hazizichanganyi. Nchini Finland kuvua kwa kuchezesha ndoana tunduni ni haki ya kila mtu, bila leseni, isipokuwa mahali palipokatazwa. Kutega ndoana za paiki ni jambo jingine: huhesabiwa pamoja na uvuvi wa mitego, na kunahitaji ruhusa ya mwenye maji pamoja na ada ya serikali kwa watu wa umri unaotajwa na sheria. Minnesota nako mvuvi anaruhusiwa mishipi miwili wakati wa barafu, ilhali majira mengine anaruhusiwa mmoja tu, na mtego wa bendera lazima uwe karibu na mwenyewe. Mtafsiri akiandika kwamba "uvuvi wa juu ya barafu hauna leseni" amemweka mhamiaji wa watu mahakamani.

Kiswahili kinalo jibu lililokamilika, na limetoka kwa wavuvi, wala si kwa kamati yoyote. Aliyekaa kwenye mtumbwi na mshipi mkononi anavua kwa mshipi wa mkono. Aliyefunga ndoana kwenye kijiti ukingoni mwa mto jioni, akaenda kulala, akarudi alfajiri kutazama, ametega. Hakuna mvuvi wa Malagarasi atakayezichanganya kazi hizi mbili, maana hata ugomvi wao hutofautiana: wa kwanza hugombea mahali pa kukaa, wa pili hugombea nani aliyefika wa kwanza kufungua ndoana. Kwa hiyo tunashauri "kuvua kwa mkono tunduni" kwa njia ya kwanza, na "kutega tunduni" kwa ya pili, na katika maandishi ya sheria neno "kuvua" lisitumiwe peke yake pale ambapo kanuni inahusu njia moja tu.

Kuna kifaa cha mwisho ambacho hakivui kitu. Wavuvi wa Finland na wa nchi jirani huvaa shingoni misumari miwili yenye mishikio ya mbao au plastiki, iliyounganishwa kwa kamba. Mtu akitumbukia, barafu iliyolowa haishikiki kwa vidole. Hugeukia upande aliotoka, maana huko ndiko barafu iliyombeba. Huichoma misumari juu ya barafu, hujivuta huku akipiga miguu kama anayeogelea, na akishatoka hasimami, bali hujiviringisha hadi mahali penye unene wa kutosha. Tunapendekeza "misumari ya kujiokolea". Wengine wametaja "sindano za barafu", jina ambalo linafaa zaidi hospitalini.

Lipo neno moja ambalo hatukulipata. Barafu ikiwa inaongezeka unene usiku wa baridi kali hutoa sauti, mara kama radi ya mbali, mara kama waya uliokazwa ukapigwa. Nayo si dalili ya hatari peke yake. Barafu inayoanza kuachana nayo hulia, na sauti hiyo ni ya kukimbiwa. "Kulia", "kuvuma", "kualika" na "kutatarika" yote yamependekezwa, na hatuoni lililo bora. Wasomaji walioko huko kwenye baridi, hasa waliopitia Kasulu na Kibondo, wanaosikia sauti hizo mbili na wameshazipa majina katika mazungumzo yao, tunawaomba watuandikie, wakitaja ni sauti ipi wanayoiita nini, ili majina hayo yapelekwe kwenye kikao cha istilahi pamoja na haya tuliyoyaorodhesha.